Gari Kuchemka Foleni ya Likoni: Maji Yaenda Wapi?

Kaskazi moja, saa nane mchana, nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni upande wa kisiwani, nikimpeleka mamangu harusini Ukunda. Mbele malori, nyuma matatu, kiyoyozi nimekifungua hadi mwisho maana mama hakutaka jasho limharibie wanja. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati, ukaanza kupanda. Sijaamua la kufanya, mvuke ukafuka chini ya boneti na kila mpita njia akageuka fundi. Mmoja alikuja na mtungi wa maji aimwagie injini, mwingine ameshika tambara afungue kifuniko cha rejeta. Mzee mmoja aliyekuwa akienda kuvuka kwa miguu akawafukuza wote wawili, kisha akanigeukia.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba. Mwanangu, gari hili walitia maji mara ngapi kwa juma?”

“Mara mbili. Siku za joto hata tatu.”

“Na hayo yote yaenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Mwongozo huu umetokana na swali lile. Mfumo wa kupoza injini ni duara lililofungwa. Maji uliyotia Januari ndiyo yanayopaswa kuwa humo Desemba. Sisi Mombasa tumezoea kulisingizia jua. Hewa ya Februari hapa hufika digrii 32 au 33, lakini maji ndani ya injini nzima hutembea kati ya digrii 80 na 100, kwa hiyo hewa yetu, hata iwe ya kutoa jasho namna gani, bado ni baridi mbele ya rejeta. Gari lisilo na kasoro hupita kaskazi bila shida. Lenye kasoro ndilo linaloumbuka.

Duara lenyewe

Petroli inapoungua ndani ya silinda, moto hupita digrii 2,000 kwa kufumba na kufumbua. Kwa hesabu ya jumla, thuluthi moja ya nguvu ya mafuta ndiyo inayosukuma gari, thuluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na inayobaki huangukia vyuma. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi ya maji. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda na hedi (chuma kinachozifunika silinda kwa juu), yakisha kupata moto hupanda kwa mpira wa juu hadi rejeta, yakashuka kwenye vijibomba vyembamba vilivyoshikana na mapezi ya bati jembamba, hewa ikayapuliza, yakarudi injini kwa mpira wa chini.

Katikati ya njia pamewekwa mlango mdogo, thamostati. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka injini peke yake ili ipate joto upesi. Yakifika kama digrii 82 (magari mengine 76, mengine 88) nta huyeyuka, hutanuka, husukuma springi, na mlango hufunguka kidogo kidogo. Ukiwa barabara ya Nyali kwa mwendo mzuri, upepo watosha. Ukikwama Kibarani, hakuna upepo, na hapo feni ndiyo huvuta hewa.

Hayo ndiyo yote. Sasa tukague, na tuanze asubuhi kabla injini haijawashwa, maana karibu kila kipimo humu kinahitaji injini baridi.

Hatua ya kwanza: tafuta maji yanakokwenda

Fungua boneti. Tazama chupa ya akiba: ina mistari miwili, juu na chini, na maji yanapaswa kuwa kati yake. Kisha fungua kifuniko cha rejeta chenyewe, kama gari lako linacho, uone maji yamefika mdomoni. Wengi huishia kwenye chupa. Chupa yaweza kujaa huku rejeta imepungukiwa na lita mbili, ikiwa kifuniko kimekufa au mpira mwembamba wa chupa umepasuka.

Bandika kipande cha utepe kwenye chupa penye usawa wa maji, uandike tarehe. Kikishuka, anza upelelezi. Mvujo mdogo hautiririki, hukauka kwa joto kabla haujadondoka, na kinachobaki ni alama ya rangi, nyeupe au ya waridi au kijani, kama chumvi iliyokauka kwenye shati la mvuvi. Pitisha tochi kwenye kila klipu ya mpira, chini ya pampu penye kitundu kidogo (kikilowa, muhuri wa pampu umekwisha), na kwenye maungo ya rejeta. Rejeta za siku hizi zina mwili wa alumini na matangi ya plastiki juu na chini, au pembeni. Plastiki hiyo hupasuka kwa uzee, ufa mwembamba kama unywele ambao hufunguka tu presha ikipanda. Gari langu lilikuwa na ufa huo. Mafundi wawili walilitazama likiwa baridi wakaapa halivuji.

Ingiza mkono pia chini ya zulia la abiria wa mbele. Likiwa na majimaji yanayoteleza, yenye harufu ya utamu, kijirejeta cha hita kinavuja ndani ya gari. Maji safi yasiyonuka hapo ni ya kiyoyozi tu.

Kama nje pote pakavu na maji bado yapungua, yanaungua ndani. Tutafika huko.

Hatua ya pili: kifuniko, kitu cha bei ndogo kuliko vyote

Watu hudhani kifuniko cha rejeta ni kizibo. Ni vali. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha inayoshikilia juu ya ile ya hewa. Maji ya wazi hapa usawa wa bahari huchemka digrii 100. Yakibanwa kwa presha hiyo huvumilia hadi karibu 120 kabla ya kuchemka. Springi ikilegea au mpira wake ukikauka, hifadhi hiyo ya digrii 20 imekwenda, na gari litachemka kwenye joto ambalo jana lilikuwa la kawaida. Wanaopeleka magari Nairobi wanaumia zaidi, kwa sababu kule juu maji ya wazi huchemka kama digrii 94 au 95.

Kifuniko kina vali ya pili ndogo katikati. Injini ikipoa maji hunywea, vali hiyo hufunguka na kuvuta maji kutoka kwenye chupa. Asubuhi ukikuta mpira wa rejeta umebonyea kama uliofyonzwa, vali hiyo imeganda. Usinunue kifuniko kwa kukadiria; nunua chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye cha asili. Aliyekwambia namba kubwa ni bora alikuwa anataka kuuza, kwani presha ya ziada itatafuta plastiki dhaifu ipasue.

Hatua ya tatu: feni

Dalili yake haina fumbo. Kwenye foleni joto hupanda, ukianza kwenda hushuka. Washa injini na kiyoyozi. Kwenye magari mengi feni ya umeme huanza mara moja au baada ya muda mfupi. Isipoanza, tazama fyuzi, kisha rile (swichi ndogo inayoipa feni umeme), kisha plagi ya waya, ndipo uishuku mota. Hewa yetu ya chumvi hula plagi hizo hadi zikawa kijani ndani.

Feni inayozunguka yaweza pia kuzunguka upande usio wake. Nimeona gari lililobadilishwa mota, waya zikaunganishwa kinyume, feni ikawa yasukuma hewa mbele wakati mwendo unaileta nyuma. Weka karatasi mbele ya grili: inapaswa kunata, si kupeperuka.

Magari makubwa yenye feni inayozungushwa na mkanda, kama Hilux na Hiace nyingi, yana kitovu chenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa lakini ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kama pia, kitovu kimekwisha.

Ukiwa hapo, chungulia mapezi. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na kati ya hizo mbili hujikusanya majani ya mwarobaini, mifuko, vumbi na wadudu. Osha kwa mpira wa bustani, maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi yakaziba. Anayelaza gari karibu na pwani, Nyali au Bamburi, akipitisha kidole na mapezi yakaporomoka kama unga, basi rejeta imekwisha hata kama haivuji tone.

Hatua ya nne: thamostati, na ugomvi wangu na mafundi

Gari likichemka, fundi wengi wa mjini jambo la kwanza ni kuitoa thamostati na kuitupa. “Huku kwetu kuna joto, hii ni ya Wazungu.” Nimelisikia hili tangu utotoni na limeua injini nyingi. Bila thamostati, ukitoka Miritini na upepo wa barabara kuu, injini haipati joto lake. Kompyuta huona maji baridi, huongeza petroli, oili haikauki unyevu na hugeuka tope. Hilo ni upande mmoja. Upande wa pili, injini nyingi, za Toyota zikiwamo, zina thamostati yenye visahani viwili: inapofungua njia ya rejeta hufunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kuiona rejeta, na mlimani Mazeras gari linachemka tena. Hapo fundi husema rejeta imeziba.

Ipime nyumbani. Itie kwenye sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, na uweke kipimajoto. Namba ya digrii imepigwa muhuri kwenye chuma chake. Karibu na namba hiyo inapaswa kuanza kufunguka, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kwa milimita 8 au zaidi. Ikiwa imefunguka ikiwa baridi, au haifunguki kabisa, nunua nyingine yenye namba ile ile. Unapoirudisha, kijitundu chake chenye kijimsumari kinachocheza huwekwa juu kwenye injini nyingi, kipitishe hewa.

Kwenye gari lenyewe yafahamika kwa mkono: mshale umepanda, mpira wa juu wachoma, wa chini baridi. Maji hayapiti. Ni thamostati iliyofunga, au pampu iliyokula mapanga yake, au rejeta iliyoziba.

Pampu na mkanda sina mengi ya kusema. Mkanda uwe haujapasuka na usilie. Pampu isilowe wala isicheze ukiitikisa. Ikiwa pampu yako huzungushwa na mkanda wa taimingi, badilisha vyote siku moja.

Hatua ya tano: maji gani

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na kwingine. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vyetu vingi vina chumvi na chokaa. Mfereji ukikauka, maji yanayopita mtaani kwa mkokoteni mara nyingi ni ya kisima. Tazama birika lako: ule ukoko mweupe chini yake ndio unaojijenga ndani ya vijibomba vya rejeta ambavyo upana wake ni milimita chache tu. Na chumvi hutoboa alumini, ambayo ndiyo hedi yako, pampu yako na rejeta yako.

Kwa hiyo tumia kulanti, dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Watu husema ni dawa ya barafu, sisi hatuna barafu, ya nini? Kazi zake mbili za huku ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa ndio mchanganyiko wa kawaida. Iliyokwisha kuchanganywa kiwandani itie ilivyo, usiiongeze maji. Maji yaliyotoneshwa huuzwa vituo vya petroli kwa ajili ya betri, ila hakikisha unapewa maji, si asidi. Ukikosa, maji ya mvua ya masika yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya kisima.

Rangi isikudanganye. Kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, na aina zisizopatana zikichanganywa zaweza kuganda mfano wa uji. Soma kitabu cha gari. Kulanti ya waridi ya Toyota, kwa mfano, imepangiwa kilomita 160,000 mara ya kwanza kisha kila 80,000, lakini hiyo ni kwa gari ambalo halijawahi kutiwa maji ya bomba njiani, na magari ya namna hiyo hapa mjini ni ya kutafuta.

Kubadilisha: injini baridi kabisa, beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta, kisha kifuniko cha juu. Jaza maji safi, washa mpaka thamostati ifunguke, zima, acha ipoe, mwaga tena. Rudia hadi yatoke meupe. Maji machafu usiyaache uani wala usiyamwage mtaroni. Kulanti ina utamu na ni sumu, na paka wa Mji wa Kale hawajui kusoma chupa. Yafunge kwenye dumu uyapeleke gereji wanakokusanya oili chakavu.

Kujaza kuna hila yake, kwa sababu hewa hujificha. Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko au rampu. Weka hita kwenye joto la mwisho. Jaza polepole, gari dogo hubeba kama lita 5 hadi 7. Washa bila kifuniko, bonyeza mipira kwa mkono, mapovu yatoke, ongeza. Mpira wa chini ukipata moto na hita ikipuliza hewa ya moto, hewa imetoka, funga. Hita ikipuliza baridi huku injini ni ya moto, bado kuna hewa ndani. Mengine yana skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya mpira. Itafute kabla ya kuanza. Kesho yake asubuhi tazama tena, yatakuwa yameshuka kidogo mara ya kwanza.

Hatua ya sita: kama yanaungua ndani

Sasa lile gari ambalo nje pote pakavu. Asubuhi, kifuniko wazi, mtu awashe. Mapovu yanayotoka mfululizo yasiyokwisha ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Au funga kifuniko, washa, shika mpira wa juu: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla hata ya joto, si joto lililoleta presha ile. Chomoa kijiti cha oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamekutana na oili, na hapo usiwashe tena. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili nyingine. Fundi aliyejikamilisha ana chupa yenye dawa ya buluu, huiweka mdomoni mwa rejeta, na dawa ikigeuka manjano gasketi ya hedi, ile pedi iliyo kati ya hedi na silinda, imeungua.

Gasketi ikibadilishwa, sisitiza hedi ipelekwe kupimwa unyoofu kabla ya kurudishwa. Alumini iliyochemka hupinda, na kikomo kwa injini nyingi ndogo za Kijapani ni sehemu chache tu za mia za milimita. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda utairudia baada ya mwezi.

Likichemka ukiwa njiani

Mshale ukianza kupanda, au taa nyekundu ikiwaka kwa wenye Demio na Honda Fit zisizo na mshale, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita ya moto kwa nguvu zote. Ndiyo, mchana wa Machi. Hita ni rejeta ndogo ya pili na itakutesa wewe badala ya injini. Weka gia huru, kanyaga mafuta kidogo ili pampu na maji yaende. Usiposhuka ndani ya dakika moja au mbili, au ukiona mvuke, toka barabarani uzime. Mshale ukianguka ghafla hadi baridi huku gari lafuka, usifurahi: sensa imebaki hewani, maji yamekwisha.

Fungua boneti tu. Kifuniko kiache nusu saa au zaidi, na mikono iwe mbali na feni kwani ya umeme yaweza kuanza yenyewe. Maji ya moto hayachomi nyumba, wahenga wamesema kweli, lakini yaliyobanwa kwa presha na kuvuka digrii 100 hugeuka mvuke papo hapo yakifunguliwa, na yanayochunika ni uso na mkono wako. Bonyeza mpira wa juu kwa tambara. Ukiwa laini, zungusha kifuniko robo tu, ngoja mlio uishe, ndipo umalizie. Ongeza maji polepole, hapa hata ya kisima yatakubaliwa, yatamwagwa baadaye. Usiimwagie injini maji baridi kwa nje: hedi hupasuka.

Mama yangu hakungoja nusu saa. Alishuka, akajitengeneza buibui, akavuka kwa miguu pamoja na yule mzee na kupanda matatu ng'ambo. Nilipofika Ukunda baada ya alasiri, pilau ilikuwa imebaki ya sinia moja. Rejeta nimebadilisha juma lile lile, pamoja na kifuniko. Utepe niliobandika kwenye chupa una tarehe ya Machi, na maji yapo palepale.